Mama Mkasi Alivyopungua Tukashangilia

Mgeni rasmi, mlezi wa mbio hizi za kuchangia utafiti wa saratani, waandaaji, madaktari mliomo kwenye hema, na ninyi wakimbiaji wenzetu mnaopasha miili moto huko nyuma: tunaomba mtulie kidogo mtusikilize, maana sisi wenyewe bado hatujatulia.

KARIBU

Sisi ni mafundi ishirini na sita wa karakana ya kushona sare. Fulana zote mlizovaa leo zimepita mikononi mwetu, na kama kuna mtu inambana kwapani, lawama tunazipokea. Mgeni rasmi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Risala yetu ya kwanza ilijaa furaha. Tukaichana. Hii ni ya pili, na asubuhi hii imeongezwa maneno kwa kalamu, kwa hiyo msomaji wetu akikwama, umvumilie.

HISTORIA FUPI

Kwenye meza ya kukatia vitambaa yuko mwenzetu tunayemwita Mama Mkasi. Ana miaka hamsini na miwili, na kabla ya mwaka huu hakuwa mtu wa kukimbia. Basi likimwacha, alikuwa anasubiri jingine. Mwaka jana mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, alifariki kwa saratani. Siku tulipoletewa kazi ya kushona fulana hizi, Mama Mkasi aliinyanyua ya kwanza, akaiweka kifuani, akasema, "Niwekeeni moja, ile kubwa kabisa. Na mimi nakimbia."

Tulicheka, hatufichi. Fundi vifungo, ambaye mdomo wake hauna breki, akamuuliza, "Mama, utakimbia au utakimbizwa?"

"Vyovyote, ilimradi nifike," alijibu. "Mdogo wangu alikufa anangojea dawa. Mimi kutafuta dawa sijui. Najua kukata vitambaa, na miguu ninayo."

Akaanza asubuhi iliyofuata, kabla ya kazi, mtunza stoo akimshikia saa. Siku ya kwanza alifika duka la miwani pale konani, akaketi kwenye ngazi zake huku ameshika mbavu, akamwambia mtunza stoo asihangaike kumpigia mtu simu, anakufa mwenyewe bila msaada. Siku ya pili hakutokea. Siku ya tatu akaja amevaa viatu vya binti yake. Kufikia wiki ya nne alikuwa anauzunguka mtaa mzima mara mbili bila kusimama, na mlinzi alikuwa anamfungulia geti mapema kama anapita waziri.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, fundi akitaka kujua jambo, hupima. Kila Ijumaa kabla ya chakula cha mchana tulizima cherehani, tukamzungushia Mama Mkasi tepu, na fundi vifungo akaandika kwa chaki ukutani kando ya meza yake. Wiki ya kwanza kiuno kilikuwa sentimita mia moja na nne. Wiki ya tatu mia moja na moja. Wiki ya sita tisini na sita. Kila namba iliposhuka tulipiga makofi. Sketi yake tuliipunguza mara tatu, na mara ya tatu ilibidi tuifumue yote tuishone upya. Mpiga pasi alisema mbio zimemkubali, na baadhi yetu tukaanza kuona aibu kula andazi la pili.

Wiki ya nane, tisini na moja. Siku hiyo tulimbeba juu juu tukamzungusha karakana nzima, naye anapiga kelele tumteremshe, anacheka, ameshikilia mkasi wake juu usimchome mtu.

Hayo ndiyo tuliyoyaita mafanikio.

CHANGAMOTO

Tangu wiki ya saba Mama Mkasi alikuwa anakimbia kidogo kuliko wiki ya nne. Mizunguko miwili ikawa mmoja, mmoja ukawa kwenda na kurudi duka la miwani. Mtunza stoo aliandika dakika zake, akadhani saa imeharibika. Chakula cha mchana Mama Mkasi alikuwa anaonja vijiko viwili na kumsogezea fundi vifungo, naye fundi vifungo akashukuru. Kola ya blauzi yake ilikuwa inaingia ngumi. Na sisi ni watu ambao kazi yetu ni kuona sentimita moja iliyopotea kwenye mkono wa shati! Tuliyaona yote haya kwa macho yetu, kisha tukapiga makofi.

Wakati wa kujiandikisha, kila mkimbiaji alitakiwa kuleta cheti cha daktari. Mama Mkasi alikwenda amenakili vipimo vyetu kwenye karatasi, ameikunja kwenye pochi, apate pa kujisifia. Daktari aliposhika ile karatasi aliisoma mara mbili.

"Umepunguza chakula?"

"Sijapunguza. Hamu tu sina."

"Na kwa siku unakimbia kiasi gani?"

Akamweleza. Daktari akaiweka karatasi mezani. "Mama, mbio hizo haziwezi kumpunguza mtu namna hii. Nani aliyeandika namba hizi?"

"Wenzangu kazini," akasema, bado anatabasamu. "Kila Ijumaa wananipigia makofi."

Majibu yalipotoka yalisema ni saratani ya tumbo. Alirudi karakana siku ya Jumanne, cherehani zote zinanguruma, akasimama kwenye meza yake na kusema kwa sauti ile ile anayoombea chaki, "Jamani, sikuwa nakonda kwa mbio." Cherehani zikazimika moja baada ya nyingine. Fundi vifungo alichota maji, akalowesha kitambaa, akaenda kufuta ule ukuta. Mama Mkasi akamshika mkono.

"Acha. Hizo ndizo zimemfanya daktari ashtuke."

Daktari anasema inawezekana kupasuliwa, na kwamba angesubiri mpaka maumivu yamlaze kitandani, mambo yangekuwa mengine. Anaingia hospitali Alhamisi. Mgeni rasmi, tumeshtuka, na mpaka tunaposimama hapa hatujapata neno jingine. Tulikuwa na tepu mikononi. Tulimpima mwenzetu wiki nane mfululizo na hatukumwona.

MAOMBI

La kwanza. Jina la Mama Mkasi limekatwa kwenye orodha kwa kukosa cheti. Hatubishani na kanuni. Daktari wake amemkataza kukimbia, lakini amemruhusu atembee kilomita moja, ya mwisho. Tunaomba aruhusiwe kuingia barabarani hapo, nasi ishirini na tano tutatembea naye kwa mwendo wake, hata kama wafagiaji watakuwa wameshatupita. Tunaomba utepe wa mwisho usifunguliwe kabla hajafika. Alisema anataka kufika kwa ajili ya mdogo wake, na Alhamisi iko karibu sana.

La pili. Mnapofundisha watu dalili, msitusahau mafundi cherehani. Hatujui magonjwa, lakini tunashika viuno vya watu kila siku. Mteja akija kupunguza nguo mara tatu kwa mwaka, tufundisheni cha kumwambia. Mpaka sasa tunajua kusema "hongera" tu.

La tatu limeandikwa leo, kwa mkono, hapo nyuma ya jukwaa.

Koti tulilokuzawadia asubuhi hii, Mgeni rasmi, Mama Mkasi alilikata kwa vipimo vyako vya mwaka jana, uliposhonesha suti kwetu. Vimo kwenye daftari. Nusu saa iliyopita ulipolivaa, lilikupwaya mabegani na kiunoni. Ulicheka ukasema kazi zimekuwa nyingi, hata kula unasahau. Tukacheka nawe. Fundi vifungo alishafungua mdomo akupe hongera. Mama Mkasi alikuwa nyuma yako, pini mdomoni, anakusanya kitambaa kilichozidi kiunoni. Kilikuwa sentimita kumi na moja. Ulipotoka, alizitema zile pini kiganjani, akatuambia, "Andikeni."

"Mama, mbele ya watu wote hawa? Huyu ni mgeni rasmi!"

"Mimi mlinipigia makofi mbele za watu. Andikeni."

Tumeandika. Huenda si kitu. Huenda kweli ni kazi nyingi, na jioni utatucheka. Kama tumekuvunjia heshima, tunakuomba radhi, lakini kunyamaza tumeshindwa. Tunakuomba, kabla hujapuliza filimbi, ushuke jukwaani uingie kwenye hema la madaktari. Liko kushoto kwako, hatua chache tu. Mama Mkasi amesimama mlangoni pake, anakungoja akushike mkono muingie pamoja. Wakimbiaji watasubiri.

Mwenyezi Mungu akujalie majibu mema, wewe pamoja na wote walio kwenye foleni za vipimo asubuhi hii.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Sare