Tuni ya Idwal Isiyopata Vinywa

Mheshimiwa Mwenyekiti, wachungaji wa Hermoni na Salemu, wazee wa makanisa yote mawili, na ninyi ndugu zangu mliokaa huku na kule kana kwamba katikati pana mto: hamjambo? Vifua vinaendeleaje na unyevu huu? Mzee Gwilym, goti limepoa?

Mimi Mair, dada yake Idwal Penri, nimeombwa nimsifu leo anapostaafu kupiga kinanda katika bonde letu. Nitamsifu, lakini mnivumilie, maana mmenichosha.

Babu yetu alikuwa mchungaji, baba akawa mchungaji wa hapahapa Hermoni, na kaka zetu wawili ni wachungaji. Idwal naye, baba alimwambia mezani, "Mwanangu, mimbari inakusubiri." Akajibu huku anatafuna mkate, "Baba, mbele za watu ulimi wangu unakauka. Niache nihubiri kwa vidole." Mzee alinuna wiki nzima. Kisha akaisikia tuni aliyoitunga Idwal mwenyewe, sauti ya kuimbia wimbo, akafuta macho, akasema, "Iite Hermoni."

Balaa likaanzia hapo! Kwetu tuni hupewa jina la mahali, sawa. Lakini ni nani asiyejua kwamba watu wa Salemu hawaimbi kitu chenye jina la Hermoni? Nilimfuata Bi Ceridwen wa Salemu dukani kwake.

"Dada, tuni ya kaka yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya, Mair. Tamu kama asali. Ila hilo jina halipiti mdomoni kwetu."

"Kwani huwa mnaimba jina?"

Akageuka kunipimia sukari.

Idwal, kwa upole wake, akaibadilisha jina, akaiita Salemu. Je, mlifurahi? Salemu mkasema mmetupiwa makombo. Na ninyi Hermoni, kanisa la baba yake mzazi, mkafunga vinywa kama watoto waliopewa dawa chungu! Naye akabaki anaipiga peke yake, huku ninyi mnatazama dari.

Sasa kitabu kipya cha nyimbo kinakwenda kuchapwa, na jana kaniambia, "Mair, kesho naiandikia kamati waiondoe kitabuni. Wimbo unaogombanisha watu wa Mungu si sifa, ni fujo." Jamani! Kitu bora kuliko vyote alivyojaliwa na Mungu kipotee kwa sababu ya majina yaliyochongwa juu ya milango ya makanisa yenu?

Nimemsihi asubiri jibu lenu. Yuko pale kwenye kinanda, mnamwona. Nikikaa tu, ataipiga, na leo haina jina lolote. Mkiiimba pamoja, kamati wataipata tuni yake, na jina watachagua wao. Mkinyamaza, kesho barua inaondoka, na mimi ndiye nitakayeipeleka posta.

Basi msinicheleweshee jibu. Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa nataka midomo.