Mkono wa Mama Atupakisye na Jiko la Mia na Hamsini

Wasikilizaji wapendwa, gari lilikuwa limeshaondoka. Nilifika Makandana, Tukuyu, saa nne asubuhi, manyunyu yanaanguka, nikakuta uani kumebaki viti na bibi mmoja anafagia. "Wamekwenda," akaniambia. "Kimbia, utawapata. Fuata harufu."

Nikafuata harufu. Mbele lilikuwa gari lililombeba marehemu kwenda Lupepo, kwa watu wa mume wake. Nyuma yake pikapu iliyojaa mikate. Mikate mia mbili na arobaini, imefunikwa turubai, mvuke unachungulia pembeni. Mwanakwaya mmoja alikaa juu ya ubao wa nyuma, anaimba sauti ya nne na kutafuna kwa zamu. Hakuna aliyemkataza. Marehemu aliagiza mwenyewe kabla hajafa: "Asinizike mtu mwenye njaa."

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Mama Atupakisye, mwoka mikate wa Makandana. Amefariki akiwa na miaka sabini na minne. Nasema tena kwa waliofungua redio sasa hivi: Mama Atupakisye wa mikate, wa Makandana, hatunaye.

Jiko lake mnalijua. Jiko la gesi, kubwa, lenye oveni yenye mlango mzito kama wa benki. Alilinunua mwaka 2006, nyumba ya wageni ya shamba moja la chai ilipofungwa na vitu vyake kuuzwa. Lilikuwa zee tayari. Swichi yake ya kuzungusha ina namba za joto, na kwenye mia na hamsini Mama aliweka tone la rangi ya kucha, nyekundu. Hapo ndipo mkate ulipoivia. Ukimwambia kitabu cha mapishi kinasema mkate unataka karibu mia mbili, alikujibu, "Basi kaoke kwenye hicho kitabu."

Tena hakuliamini tone peke yake. Alikuwa na kipimo kingine. Aliingiza mkono ndani ya oveni, katikati, bila kugusa kitu, akaanza wimbo wa kanisani. Ubeti wa kwanza aliumaliza. Kama mkono ulishindwa kuingia ubeti wa pili, joto limefika, lete mikate. Kama ubeti wa pili unaendelea, ongeza moto. Miaka kumi na moja alioka hivyo. Mkono na wimbo. Majirani walijua mkate unaingia saa ngapi kwa kusikia wimbo umekatika.

Halafu ukaja mwaka 2017. Mikate ikaanza kuungua. Kwanza mmoja mmoja, baadaye trei nzima. Ikaja sikukuu ya kipaimara Lupepo, ameagizwa mikate sitini, yote ikatoka myeusi chini. Shemeji yake Ackson, mdogo wa marehemu mumewe, hajaacha kulisema hilo mpaka leo. "Mwaka ule nguruwe wa Lupepo ndio waliokula sikukuu."

Lakini Mama hakucheka. Wateja walianza kupita mlangoni kwake bila kuingia. Alisikia mtu dukani anasema Mama Atu amezeeka, apumzike. Kwa mwanamke aliyesomesha watoto kwa mkate, maneno hayo si madogo. Akasema jiko limeharibika kichwa. Akamwita Ackson.

Ackson ni fundi wa majiko na majokofu, kwake Kinyala. Kazi aliijifunzia Dar es Salaam, kwenye mahoteli. Alikuja na bisibisi, plaizi, sabuni ya kupaka kwenye mpira wa gesi kuona kama unavuja, na kipimajoto cha chuma chenye mshale kama saa. Akakitundika ndani ya oveni. Akaweka swichi kwenye tone jekundu, mia na hamsini. Wakangoja. Mshale ukapanda, ukasimama mia na tisini na tano.

"Shemeji, jiko lako ni rongo, linasema uongo," akasema Ackson.

"Nilikwambia! Limeanza lini?"

Ackson akazima gesi, akangoja lipoe, akaingiza kichwa na tochi. Kwenye majiko ya namna ile kuna kijiti cha shaba kinachoonja joto na kupeleka habari kwenye themostati, ile mashine ndogo nyuma ya swichi. Kijiti kinatakiwa kukaa kwenye vishikizo vyake juu. Hiki kilikuwa kimeanguka kwenye kona ya chini, penye ubaridi, kimegandiwa na mafuta meusi, magumu kama lami. Kilikuwa kinaonja baridi na kuagiza moto zaidi.

Akakwangua kwa kucha. Akatoka, akakaa chini. Hakuwa na furaha.

"Hiki kimelala hapa tangu kabla hujalinunua. Limekudanganya arobaini na tano tangu siku ya kwanza, wala halijaongeza wala kupunguza."

"Sasa mbona linaunguza mwaka huu?"

"Hebu oka kama unavyooka. Nikuone."

Mama akawasha, akasubiri, akaingiza mkono, akaimba. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Akaongeza swichi kwa mkono wa kushoto, akaendelea kuimba. Ubeti wa tatu. Ackson akatupa jicho kwenye mshale. Mia mbili na ishirini na tano. Akamdaka mkono, akamvuta.

"We! Unanivuta kama unanioa?"

"Angalia kidole, shemeji."

Kidole kidogo kilikuwa kimegusa waya wa oveni. Lengelenge lilishaanza kuvimba. Yeye hakuwa na habari.

Jenifer, mkwe wake, mke wa mwanawe Prosper, alikuwa pale na unga mikononi. Ameniambia hivi: "Baba mdogo akasema taratibu, jiko ni lile lile, shemeji, kilichobadilika ni mkono. Mama akachukua mti wa kusukumia unga, akamfukuza mpaka barabarani."

Kweli alimfukuza. Bisibisi zikabaki ndani. Siku tatu hakuoka. Fikirini, wasikilizaji wapendwa. Mkono ule ndio ulikuwa jina lake mjini. Ukimwambia mkono wake hausikii moto, umemwambia amekwisha. Siku ya nne akavaa kitenge cha kanisani, akamwambia Jenifer, "Twende hospitali, tukamwaibishe Ackson."

Hawakumwaibisha. Sukari ilikuwa juu sana. Kisukari, na kilishaanza kula hisia za mikono na miguu. Kwenye kisigino alikuwa na kidonda ambacho hakukijua. Daktari akamwambia angechelewa miezi michache mguu ungekatwa.

Akarudi nyumbani, akampigia Ackson simu. "Shemeji, njoo ulitengeneze. Mkono umeanza kusema uongo, sasa jiko liseme kweli."

Ackson akaja mbio. Safari hii alianza kwa kukipima kipimajoto chenyewe. Akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Mshale ukasimama tisini na tano. Akasonya. "Kila mwaka hivi. Kimepungua tano. Nikirekebisha swichi huwa naongeza mwenyewe kichwani."

Jenifer, aliyefika kidato cha sita, akasema, "Baba mdogo, kipimajoto ni kizima. Huku tuko juu. Maji yanachemka kabla ya mia. Ndiyo maana maharage yetu yanakula kuni."

"Dar nilifundishwa mia."

"Dar ni mia. Tukuyu ni tisini na tano."

Ackson akasimama na sufuria inatokota. "Mungu wangu. Majiko yote ya Rungwe nimeyapunja tano tano!"

Prosper anasema mama yake alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali. "Na ulikuja hapa kusema langu rongo!"

Basi akakisafisha kijiti, akakirudisha kwenye vishikizo. Akang'oa swichi, akazungusha skrubu iliyo nyuma yake, kidogo, kidogo, anangoja, anapima, anazungusha tena. Mpaka jioni jiko likisema mia na tisini, ndani ni mia na tisini na mbili. Akataka kuendelea. Mama akamzuia. "Hizo mbili ziache. Na lenyewe libaki na la kusema."

Asubuhi yake Mama akawasha kwa mazoea, kwenye tone jekundu. Mia na hamsini ya kweli sasa. Mikate ikatoka myeupe, imenywea, haina ganda. Akaiangalia, akaangalia jiko. Akafuta tone, akamwita Jenifer, akampa chupa ya rangi ya kucha. "Weka wewe. Kuanzia leo macho ni yako, wimbo ni wangu." Jenifer akaweka tone kwenye mia na tisini. Mama akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani, akaimba. Wateja wakarudi mmoja mmoja.

Alikaa kwenye kiti kile miaka minane. Miaka minane, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu ya fundi aliyepima jiko, halafu akamtazama na mwoka.

Kwa Prosper, Jenifer, wajukuu na Ackson, poleni sana. Ndaga fijo, asante sana kwa mikate, Mama. Nasi tuliobaki, kila mmoja anacho kipimo anachokiamini, jicho, sikio, mguu. Tukumbuke na kipimo hupimwa. Msijaribu kwa moto. Nendeni mkapime sukari.

Mama Atupakisye amezikwa Lupepo saa nane mchana, kando ya mumewe Yohane. Aliingia kaburini na miguu yake yote miwili. Mikate iliisha kabla ya mahubiri. Ackson ana miaka sabini. Aliyarudia majiko kumi na saba bila malipo, na bado anafanya kazi. Prosper anauza mikate sokoni. Jenifer anaoka Makandana kila siku isipokuwa Jumapili. Kiti kiko karibu na mlango. Jiko lipo. Jana nilikwenda kuliangalia. Limewekwa mia na tisini, na ndani ni mia na tisini na mbili.