Shimo la Moto Nyuma ya Kiwanda

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mafundi wenzangu mliokaa nyuma kwa sababu viti vya mbele vimewekewa majina: nawasalimuni nyote.

Nimeombwa niseme machache ya kuaga, tena yawe matamu. Nitajaribu. Lakini ninyi mnaoniita Mama Vipande mnafahamu kwamba utamu si fani yangu.

Jina hilo lilinipata hivi. Nyuma ya ukumbi huu wa kushonea kuna shimo. Kila jioni mabaki ya vitambaa yalichomwa humo, na moshi wake mweusi ukavuka ukuta hadi kwenye nyumba za majirani, mojawapo ikiwa ya wifi yangu. Mwanawe mchanga alikohoa mpaka ikawa hawezi kulala ila amebebwa wima. Siku moja wifi akanijia getini, mtoto begani.

"Wifi, hicho mnachochoma humo ndani ni nini hasa?"

"Ni vile vinavyobaki mezani kwetu," nikamwambia. Akamfunika mtoto pua kwa khanga, akaondoka.

Kesho yake nilikataa kutoa gunia langu. Mkurugenzi, unakumbuka, ulikuja mwenyewe hadi kwenye cherehani yangu.

"Mama, hizo ni taka."

"Taka zinazomkatisha mtoto pumzi si za kuchoma, bosi."

"Basi utakaa nazo."

Nikakaa nazo. Magunia yakajaa chini ya meza, miguu ikakosa pa kutua, onyo likaja, kisha nikahamishiwa stoo ili nipoe. Sikupoa. Wakati wa mapumziko mafundi wakaanza kunifuata huko mmoja mmoja, kila mtu na mkasi wake na gunia lake. Vipande virefu tukavisuka kuwa mazulia ya mlangoni, vipana tukaviunga kuwa mikoba ya sokoni, vidogo vikaingia kwenye mito. Shimo likakosa cha kula, likazimika. Mtoto wa wifi leo anapiga kelele mpaka tunamwomba apumzike.

Basi tukanogewa. Vikombe vya plastiki vya chai tukavikataa, kila mtu akaja na kikombe chake. Pasi tukazizima tulipokwenda kula, mapazia tukayafungua, taa za mchana zikapata likizo. Mume wangu, aliyekaa pale, analalamika kwamba ukorofi umehamia nyumbani: maji ya kuoshea mboga yanakwenda bustanini, na nguo haitupwi mpaka imekata kauli yenyewe. Shati alilovaa, anasema, limeshonwa mara nyingi kuliko kiatu. Lakini mtazameni, si amependeza?

Je, nimesimama hapa kujisifu? Hapana. Nimesikia kwamba nikishatoka shimo litawashwa tena, eti magunia yanaziba njia na kuchoma ni rahisi. Rahisi kwa nani? Kwa aliye upande huu wa ukuta? Wifi yangu yumo humu ukumbini, na mwanawe yuko naye. Anayetaka kuuwasha moto huo aende akamwombe yeye ruhusa, ana kwa ana, mtoto akiwa anasikia.

Mnanistaafisha mimi, nami nimekubali. Magoti yangu yalishatangulia siku nyingi. Lakini kazi hii hamjaistaafisha. Mafundi wenzangu, atakayekataa kubeba gunia kwenda shimoni, na asimame.

Naona. Hata mpishi, hata mlinzi wa geti, hata wewe msimamizi uliyenipeleka stoo. Msikae kwanza. Mkurugenzi, naomba ugeuke uwatazame vizuri, maana kesho asubuhi hawa ndio utakaowakuta kazini, na mimi sitakuwepo wa kulaumiwa.

Kwa zawadi, nashukuru. Kwa miaka tuliyoshona pamoja, nashukuru zaidi. Na kwa kunisikiliza, pamoja na ninyi mliokuwa mkiomba nimalize upesi, asanteni sana.