Zipporah, Aliyemchambulia Mdogo Wake Kahawa

Wasikilizaji wapendwa, tuketi pamoja dakika chache. Leo tunamkumbuka Zipporah Kemunto, mzaliwa wa Nyamira. Alifanya kazi za nyumbani Saudi Arabia miaka tisa: sita Riyadh, mtaa wa Malaz, na mitatu Jeddah. Alifariki Jeddah mwezi Machi kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Ukimtaja Zipporah, lazima umtaje mdogo wake, Cliff. Cliff anasoma mambo ya bahari katika chuo kikuu mjini Varna, Bulgaria, kando ya Bahari Nyeusi. Alikwenda kusomea unahodha. Aliyemsomesha ni dada yake.

Zipporah mwenyewe aliachia shule darasa la sita. Lakini masomo ya Cliff aliyafuata. Akipiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba, huegemeza simu kwenye chupa ya maji na kuuliza, "Nahodha, leo umefunzwa nini?" Cliff anamweleza: gizani meli huwasha taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia. Zipporah anarudia. Madam akiita, anasema, "Yalla, naitwa. Kulia tutamalizia kesho."

Familia ya bosi ilipohamia Jeddah, mji wa pwani, Zipporah alifurahi kuliko wote. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alikwenda mtaa wa Al-Mahjar kwa rafiki yake Keziah.

"Tulikuwa tunaenda ufuoni," anasema Keziah. "Akiona meli, umekwisha. Atakufundisha mpaka chai ipoe."

Sasa, wasikilizaji, mwaka wa pili Cliff alipimwa macho kabla ya kwenda mafunzoni melini. Akawekewa kitabu chenye vidoti vya rangi. Wenzake waliona nambari. Yeye hakuona kitu. Daktari akamwambia macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Unahodha hauwezekani.

Cliff hakumwambia dada yake. Miezi minne alinyamaza. Akiulizwa amefunzwa nini, alirudia masomo ya zamani. Ijumaa moja, Keziah akiwa kando, Zipporah alimkatiza.

"Hizo taa ulinifunza mwaka jana. Wewe, kuna nini?"

Cliff akalia, akasema yote. Akasema ameshapanga kurudi nyumbani.

"Zippy aliisogeza simu karibu," anasema Keziah. "Kisha akamuuliza, 'Cliff, unakumbuka kahawa?'"

Kahawa yenyewe ni hivi. Utotoni walichuma kahawa katika shamba la mama yao. Huchumwa iliyoiva tu, ile nyekundu. Cliff alichanganya na mbichi, mama akamchapa, akamwita mvivu. Basi kila jioni, kabla mama hajaona, Zipporah alilimwaga debe la mdogo wake akatoa za kijani. Alidhani ni uzembe. Akamfichia miaka yote.

"Kumbe mimi ndiye nilikuficha," alimwambia siku hiyo. "Ningesema, ungepimwa mapema. Sasa na wewe usinifiche. Halas, unahodha umeisha. Na bahari imeisha?"

"Haijaisha, dada."

"Basi kesho nenda ofisini, ulizia kozi isiyotaka kutofautisha rangi. Halafu unipigie, hata kama jibu ni baya."

Akaenda. Akapiga. Leo Cliff anasomea usimamizi wa bandari. Anamaliza Julai.

Mwili wa Zipporah ulifika Nyamira mwezi Aprili. Cliff alikuja kuzika. Siku ya mazishi mama yao alisimuliwa habari yote. Kesho yake Cliff aliingia shambani, akachuma debe moja, akalileta uani jinsi lilivyo, mbivu na mbichi. Mama alitandika gunia, akamwaga kahawa, akaanza kumchambulia.

Mama, Cliff, Keziah na wote mliompenda Zipporah, poleni sana. Mungu awafariji.

Na wewe unayetusikiliza, huenda yuko mtu Riyadh au Jeddah, amesimama kwenye pasi, anakuuliza habari za masomo. Na wewe unamjibu ya mwaka jana. Mpigie leo. Hata kama jibu ni baya.