Rangi ya Chini ya Boti

Treni ya Kigoma ilipoiacha Tabora, Mzee Rizwan wa Kanyenye, mwenye boti ya abiria ziwani, alianza kumbana dada Najiat, mpimaji wa kina cha maji bandarini. "Mwanangu, gati letu mmelipanga kupimwa la ngapi?"

"Lilikuwa la mwisho, mzee. Mliandika hakuna boti iliyogusa mwamba."

"Tukiandika, boti inafungiwa." Alinong'ona hivyo, na behewa zima tukasikia.

"Najua. Ndiyo maana niliinama nikazikagua boti zenu kwa chini. Boti isiyogusa mwamba haipakwi rangi mpya kila mwezi. Sasa mtapimwa wa pili."

Mzee akashusha pumzi. "Hatufungiwi?"

"Mnapimwa tu, mjue pa kupita."

Hofu ilipomtoka, akapata nguvu za kudai. "Kwa nini wa pili?"

"Bandari kubwa ndiyo ya kwanza, inapokea meli ya mafuta."

"Mapipa hayana wa kuyalilia. Mimi nabeba akina mama na watoto."

Bado wanabishana, treni ikasimama Urambo. Mzee akashuka simu ikiwa sikioni, anaongea na nahodha wake: "Mustafa, ile rangi niliyokutumia, usiipake."