Dakika Kumi na Moja za Maduhu Mayala

Wazee wetu, baba paroko, ndugu na majirani wa Masumbwe, na ninyi wageni wa Dar es Salaam mliokaa kwenye tenti ya kijani, wakubwa zangu shikamooni. Naitwa Bujiku, mtoto wa Ignas Mayala aliye kaka wa marehemu, na familia imenichagua mimi kusoma karatasi hii, si kwa sababu ya elimu, maana kidato cha pili nilikiacha mwenyewe bila kufukuzwa, bali kwa sababu nina sauti ya kufika mpaka kule kwenye masufuria bila kipaza sauti, na anayebisha asogee nyuma, atanisikia vilevile.

Baba mdogo Maduhu Mayala alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapahapa Masumbwe, wakati huo ikiwa Wilaya ya Kahama, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee Mayala na bibi Mbuke, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapa Masumbwe kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha sekondari mjini Shinyanga kuanzia 1984 hadi 1987, akamaliza kidato cha nne, jambo ambalo alinikumbusha kila aliponiona nimevaa miwani ya jua.

Mwaka 1989 aliajiriwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga, mwaka 1995 akanunua kamera ya video akawa anapiga harusi, na wengi mliopo hapa mlikata keki mbele yake, na mwezi Machi 2002 kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam, ambacho sikitaji jina kwa kuwa kimeandikwa ubavuni mwa gari lile, kilimchukua kuwa mwakilishi wake wa Shinyanga, na baadaye Geita pia, mikoa miwili, pikipiki moja, na yeye mmoja.

Alifunga ndoa na mama mdogo Vumilia tarehe 21 Septemba 1996 mjini Shinyanga, wakajaliwa watoto watatu, Ritha aliyezaliwa 1997, Abel aliyezaliwa 2000, na Salome aliyezaliwa 2006.

Katika kazi yake kila taarifa aliianza kwa kusema "Mwangaluka", kama tunavyosalimiana Wasukuma asubuhi, na kila taarifa Dar waliikata hiyo salamu, wakisema mtazamaji hataelewa, naye kila mara aliirudisha, miaka ishirini na moja, bila kuchoka. Mwezi Agosti 2015 alikaa na daftari jioni zote thelathini na moja akiangalia taarifa ya habari, akaandika kwamba barabara moja ya Dar imejaa maji mara nne na imeonyeshwa mara nne, foleni imeonyeshwa siku kumi na tisa, na ng'ombe mia mbili waliokufa kwa ukame huku kwetu wamepata sekunde kumi na moja, tena picha zenyewe za ng'ombe wa Arusha. Aliwapelekea barua na hesabu hiyo, wakamjibu kwa simu kwamba Maduhu una utani sana.

Sasa nafika mahali ambapo shangazi Philomena aliniambia niparuke, nami nikamwambia shangazi, nikiparuka hapa nitakuwa nimekata kama wao.

Tarehe 9 Novemba 2023, siku ya Alhamisi, baba mdogo alikuja Nyarugusu, ambako mimi na Abel tulikuwa tunachimba katika duara la mzee Mwigulu, yaani shimo refu la dhahabu linaloshikiliwa na magogo tunayoyaita matimba. Alishuka na kamera, akapiga dakika kumi na moja, akaonyesha matimba yaliyooza, ufa unaoingia mkono mzima, mzee Mwigulu akisema magogo mapya yanakuja wiki ijayo, na katika dakika ya tisa akaonyesha duara la pili lililo jirani, lenye matimba ya mti uleule. Mimi nikajipenyeza mbele ya kamera, nikapiga kifua, nikasema, "Andika jina langu, Bujiku, hili shimo linaniamkia mimi shikamoo," Abel akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na baba mdogo akaniambia, "Toka hapo, mjinga wewe, napiga picha ya kifo chako."

Akatuma Dar. Mhariri akampigia, akamwambia, "Maduhu, nyufa ni habari ya huko kwenu, ila huyo dogo anayejisifu ni mtamu," na Jumapili tarehe 12 wakanirusha kwenye kipindi cha vichekesho, sekunde kumi na nne, mimi peke yangu, hakuna ufa, hakuna gogo. Baba mdogo alinipigia akitaka tupande pikipiki twende wilayani na picha nzima, nikamwambia aniache kwanza, mimi ni staa, maana Nyarugusu nzima ilikuwa inaniita jina, na nilizunguka na simu nikiwaonyesha watu ile picha kama cheti. Abel alitaka kuacha kushuka. Nilimtania mbele ya zamu nzima kwamba anaogopa shimo linaloniamkia mimi, naye akashuka.

Tarehe 21 Novemba 2023, Jumanne asubuhi, duara lilikaa, yaani liliporomoka na watu ndani. Tulitoa watu watatu, wote wameshakufa, wa pili alikuwa Abel. Saa saba mchana Dar walimpigia baba yake wakimwomba picha haraka, kama yupo karibu na mama anayelia.

Tangu hapo hakushika kamera tena. Alianza kusumbuliwa na presha Januari 2024, akapata kiharusi Juni, akatibiwa Shinyanga na baadaye Mwanza, na akafariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri. Hakuwahi kunilaumu, na hilo, mama mdogo Vumilia, ndilo linalonisumbua, na leo naomba msamaha wako mbele ya watu hawa wote, kwa sauti hii hii niliyojisifia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopika na kulala nasi siku tatu hizi, na wawakilishi wenzake waliokuja na pikipiki kutoka Kahama na Bariadi. Tunawashukuru pia wageni wa tenti ya kijani, hii ni mara ya kwanza gari lenu kufika Masumbwe, karibuni, mmemkuta mwenyeji ametoka.

Baada ya mazishi hakuna kuondoka. Ritha amefunga shuka jeupe ukutani, na zile dakika kumi na moja zitaonyeshwa zote, na salamu yake ikiwemo. Mzee Mwigulu, ukae mbele. Mwenyekiti wa kijiji cha machimbo, ukae naye. Wachimbaji wenzangu, mwangalie dakika ya tisa, kwa sababu Jumatatu zamu ya asubuhi inashuka lile duara la pili, na matimba yake hayajabadilishwa. Mimi sishuki, na atakayenicheka namkaribisha anicheke hapa, nikiwa hai.

Mwangaluka, baba mdogo. Lala kwa amani, leo hakuna wa kukukata.