Maji ya Kina cha Kidole

Nikiwa kwenye basi kwenda masomo ya jioni, mbele yangu alikaa mama mmoja fundi bati, amepakata kioo kikubwa. Bwana wa ofisi ya maji aliyekaa naye akamtambua.

"Mama, yale masanduku yako ya kuondoa chumvi kwa jua, Ijumaa tunayaondoa pale zahanati. Lita tatu kwa siku! Wagonjwa wanywe nini?"

"Yanatoa tatu kwa sababu watu wako wanayajaza pomoni. Jua litachemsha bwawa? Mimi natandika kitambaa cheusi, namimina maji ya chumvi ya kisima kina cha kidole tu, nafunika kwa kioo kama hiki, mvuke unatiririka maji matamu. Jana nilikinga lita saba."

"Hayo umesomea wapi?"

"Kwenye paa la zahanati, baba. Wewe umewahi kupanda?"

Nilikohoa kuficha kicheko, nikamwomba Mungu anisamehe kumcheka mtu mzima.

"Amri imeshatoka," bwana akasema, sauti imepungua.

"Njoo nayo hiyo Ijumaa. Utanikuta juu, na ngazi nimeivuta."

Basi likasimama mbele ya zahanati. Mama akainuka, akamsogezea bwana upande mmoja wa kioo.

"Shika huku, mtaalamu. Taratibu."

Akashika.